Mgeni Asiyekula Wali

Kariakoo, Dar es Salaam
6 Juni 1936

Dada yangu Mwanamize binti Abdulla, huko Lindi,

Shikamoo, dada. Mimi nduguyo Hashil ni mzima wa kuandika, na waliomo nyumbani wote wanakutaja kwa heri. Sitara anamsalimu wifi yake na anasema mikeka imefika. Mmoja umelowa ukingoni, maana masika ya safari hii hayakuchagua. Jangwani maji bado yamesimama. Wanaovuka wanapandisha kanzu mpaka magotini. Dukani kaniki zinatoka, kanga polepole.

Habari kubwa ni ya binti yangu Badriya. Mwanao ameposwa. Aliyeposa ni Bwana Hamud, muuza samli wa mtaa wa pili, anamposea mwanawe Zahor, kijana mpole wa kazi ya forodhani. Nimekubali. Badriya naye hakukataa, ingawa aliuliza maswali mengi kuliko wazee walivyozoea kuulizwa. Harusi tumeiweka baada ya Ramadhani, Mungu akitufikisha.

Juzi yalisomwa maulidi kwa Bwana Hamud. Nikawekwa sinia moja na yeye mwenyewe. Wali wa samli, nyama ya mbuzi, na halwa iliyotoka Unguja siku ileile. Dada, nilikula vipande vitatu vya nyama nikanawa. Wali sikuugusa, wala halwa. Bwana Hamud akanitazama mikono, kisha uso, akasema, "Mbona mapema?" Nikasema tumbo. Tangu siku hiyo natembea tu, nikikaa barazani dakika mbili nainuka.

Nakuuliza jambo dogo. Mwaka ule wa mwisho wa mama, tukiwa Bagamoyo, mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka mtungi uliokaa karibu na kitanda chake, na wewe ukiujaza mara kwa mara. Alikuwa na nini hasa? Nijibu ukipata nafasi.

Nduguyo,
Hashil

*

Lindi
11 Julai 1936

Kwa Hashil, mtoto wa mama yangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama, nami nimefurahi kuliko nilivyofurahi tangu marehemu mume wangu afariki. Badriya kuolewa, na mimi ningali hai. Mwambie shangazi yake anamtafutia udi mzuri. Huku mihogo imekubali, nyumba imevuja upande wa jikoni, Mwalimu Mwinyimvua wa chuo cha Kurani cha jirani amenitafutia fundi. Kuku wangu wawili wameliwa na kicheche.

Sasa la kukukanya. Umeingia nyumba ya watu ambao mwanao atalala kwao maisha yake yote, umewekewa sinia, ukanawa mikono kabla ya mwenyeji. Nani alikufundisha? Baba alikuwa akienda kwa watu tumbo likimuuma na anakula. Chakula cha mtu ni uso wake. Ukikisukuma umemsukuma yeye. Tumbo likiuma, kula kidogo kisha kaumie nyumbani kwako. Mara ya pili usinifanyie hivyo, maana aibu ya Badriya ni yangu.

Ya mama tumwachie Mungu. Alikuwa mgonjwa, siku zake zikafika. Kufukua hakumsaidii.

Nisamehe hati yangu imekuwa kubwa kubwa na mistari inapanda. Kalamu za siku hizi mbaya.

Dadako,
Mwanamize

*

Kariakoo
16 Agosti 1936

Dada yangu,

Shikamoo. Udi umefika na harufu yake imeingia mpaka kwenye kaniki. Sitara mzima, Badriya mzima, anashona mito na kuifumua kwa sababu haridhiki. Mimi sikuwa mkweli kwako, na leo nataka kuwa.

Sikuwa na tumbo, dada. Mwezi wa tatu nilianza kukonda huku nakula. Nikawa nakunywa maji kama mtu aliyevuka nyika, na kila nikirudi chooni nakuta sisimizi wamejaa pale nilipokojoa. Sitara ndiye aliyewaona, akanishika mkono kama mtoto akanipeleka kwa daktari wa Kihindi hapa mtaani. Daktari akachemsha mkojo wangu na dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali. Akasema, "Bwana, wewe una sukari."

Amenikataza wali, mkate, muhogo, viazi, ndizi, tende, halwa, kashata na chai ya sukari. Ameniruhusu samaki, nyama, mayai, mchicha, bamia, matango, na mkate wakia mbili kwa siku, napima kwa mizani ya dukani. Hata hivyo vya halali nisishibe. Nyumbani haya yanawezekana. Sitara amejifunza, na mimi nimeacha kunusa wali wao. Sasa nimepata nguvu, usiku nalala.

Balaa ni nje. Mji huu hauna mahali pa kukaa bila kutiwa kitu mkononi. Ukienda kumpa mtu pole, uji. Ukienda kumpa hongera, vitumbua. Barazani kahawa ni nyeusi, nashukuru, lakini inakuja na kashata, na ukiikataa mara tatu watu wanaanza kukuangalia. Basi saa za baraza natembea mpaka Kivukoni na kurudi, kama mtu aliyepoteza kitu. Nikialikwa nakula kwanza nyumbani, mayai mawili na samaki, ili njaa isinishike ugenini. Sinia likiwekwa nakaa karibu na mtu mlaji, nafinyanga tonge, nalibomoa, nalisogeza upande wake, na mkono wangu unakwenda mdomoni mtupu. Katika harusi moja ya Ilala nilifanya hivyo mpaka mwisho, nikatoka jasho kama mpagazi.

Lakini Bwana Hamud si mjinga. Mkewe, Bi Saadiya, alituletea sinia la vitumbua, likakaa siku mbili, Sitara akawapa majirani, na majirani wakasema. Sasa inasemwa Hashil haamini mkono wa watu, anaogopa kuwekewa kitu katika chakula. Inasemwa anawaona akina Hamud ni wachawi.

Siwezi kusema ukweli. Nikisema, wataambiana kuwa ukoo wa binti una maradhi, nani atamchukua? Nikila nitakufa, nikikataa nawatukana, nikisema namwangusha mtoto. Nawe usimwambie mtu.

Narudia swali langu la mama.

Hashil

*

Lindi
18 Oktoba 1936

Kwa mdogo wangu Hashil,

Marahaba. Usishangae hati. Anaandika Mwalimu Mwinyimvua kwa sababu mkono wangu wa kulia uliungua mafuta ya kukaangia. Si jambo kubwa. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa ajili ya huo mkono. Huku joto limeanza, maembe yanakuja. Msalimu Sitara, mwambie amefanya vyema kukushika mkono.

Ndiyo. Mama alikunywa maji. Alikonda mpaka pete zikamtoka zenyewe, na sisimizi nawajua. Umeuliza, nimejibu, basi tusirudi hapo.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani. Usiseme. Nakushika miguu, Hashil, usimwambie mtu mpaka Badriya awe ndani ya nyumba yake na mtoto mkononi. Ramadhani inakuja, watakualika kufuturu. Kula matonge matatu, tende moja, kikombe cha uji, ukae uzungumze na watu. Matonge matatu hayaui. Nyumbani kwako urudi kwenye mchicha wako. Ndivyo watu wanavyoishi, wanameza kidogo wasichokitaka.

Dadako,
Mwanamize

Na mimi mwandishi nakusalimu, Bwana Hashil. Naongeza haya na sitamsomea. Mkono wa dadako haukuungua. Haoni. Tangu mwezi wa saba herufi zilianza kumpotea, sasa ananijua kwa sauti. Mtungi wa maji uko kando yake muda wote. Ameniapisha nisiandike, nami nitaomba msamaha kwa Mungu. Mwinyimvua.

*

Kariakoo
22 Desemba 1936

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Mwalimu akusomee barua hii yote, mpaka chini. Badriya mzima. Sitara alikuwa na homa, imemwacha. Mimi nimekawia kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, barua yako ilinikuta wiki moja kabla ya Ramadhani, nikaisoma chini mpaka juu, nikaiweka katika sanduku la nguo nisiione. Kila nilipotaka kukuandikia ukali, nilikumbuka nani aliyejaza mtungi wa mama. Ya pili nitakueleza.

Daktari alisema kufunga si tabu kwangu, tabu ni kufungua. Siku ya kumi na tano Bwana Hamud alinialika kufuturu. Nikafuata neno lako. Tende moja. Uji kikombe kimoja. Matonge matatu ya wali. Dada, sikuweza kusimama kwenye matatu. Miezi minane sijala wali. Nilikula kama mtu aliyerudi kwao. Tambi za nazi, viazi vitamu, mkate wa kumimina, na Bwana Hamud akicheka kwa furaha, akinisogezea mwenyewe, "Kula, mkwe, kula." Tangu maulidi sikuwahi kumwona akicheka. Nami nilifurahi, nasema kweli. Nilirudi nyumbani nimeshiba na nimependwa.

Nikalala siku nne. Kiu, kutapika, macho yakaona ukungu. Daktari alikuja mara mbili kwa siku na hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Sitara alikaa upande mmoja, Badriya upande mwingine. Siku ya tatu nilimsikia Badriya akimwambia mama yake, "Kama ni kwa ajili yangu, sitaki."

Siku ya Idi tukaalikwa tena chakula cha mchana. Watu kumi na wawili, masinia matatu. Bwana Hamud akasubiri mikono yote iingie, kisha akasema, bila ugomvi:

"Bwana Hashil, mwanao anaingia nyumba hii. Mara unakula kama sisi, mara hugusi, na ukila unaugua. Watu wanasema tumekulisha kitu. Nataka kujua leo."

"Hawajui wanachosema," nikasema.

"Basi kula mbele yao."

Nilifinyanga tonge, nikalishika. Watu wote walikuwa wanatazama vidole vyangu. Nikalirudisha chini.

"Chakula chako hakina kitu," nikasema. "Mwenye kitu ni mimi. Nina ugonjwa wa sukari. Wali na tende kwangu ni sumu, hata akipika malaika. Siku ile nilikula kwa kukuonea haya. Mama yetu alikufa nao. Nilificha kwa ajili ya binti yangu, na sasa umesikia."

Mzee mmoja aliyekuwa ubavuni kwangu akasogea, kidogo tu, kama anayetafuta mto wake. Bwana Hamud akanawa mikono polepole.

"Ungesema mwezi wa sita," akasema.

"Mwezi wa sita ungeniambia nini?"

Kesho yake Bi Saadiya alikuja kwa Sitara. Hakuvua buibui, hakunywa maji. Akasema harusi isubiri.

Basi ndiyo hali yetu. Najua utanikasirikia. Lakini mimi nami nina la kukuuliza, dada. Macho yako yana muda gani? Usiniambie habari ya mafuta. Panda meli uje. Daktari huyu anasikiliza.

Hashil

*

Lindi
19 Januari 1937

Kwa Hashil,

Nimesomewa. Nilimwambia Mwalimu aondoke, akaondoka, baada ya siku tano nikamwita kwa sababu sina mwingine. Anaandika na uso wake najua umeinama.

Umesema. Mbele ya watu kumi na wawili. Unadhani nilikukataza kwa sababu mimi ni mwanamke wa zamani niliyezoea kuficha. Basi sikiliza, maana nitalisema mara moja. Bagamoyo, wakati wa Mdachi, mimi niliposwa. Huyo kijana ulikuwa ukipanda mabegani mwake, pengine huna habari. Posa ilikaa mwaka mzima. Mama akaugua, tukasema ni homa, tukamtia nyuma ya pazia. Jirani mmoja akaingia uani akawaona sisimizi. Wiki haikuisha, wazee wa kijana wakaja wakiwa wamevaa vizuri, wakaomba radhi, wakarudisha maneno yao. Mama aliwasikia kutoka nyuma ya pazia. Alikaa siku ishirini na mbili baada ya hapo, na kila siku akiniomba msamaha. Baba akanitafutia mume wa Lindi ambaye hakujua kitu. Alikuwa mtu mwema. Nilimficha miaka thelathini mama yangu alikufa na nini.

Kwa hiyo bei ya neno hilo naijua, wewe huijui. Na sasa atailipa Badriya.

Macho yangu ni yangu. Siji. Nije niongozwe kama mzigo, ili waseme, tazama, na shangazi pia?

Mwanamize

*

Kariakoo
9 Machi 1937

Dada yangu,

Shikamoo. Sitara na Badriya wanakubusu mikono. Barua yako nilimsomea Badriya, yote. Huenda nimekosa, lakini alikuwa na haki nayo. Hakulia. Aliuliza jina la kijana yule wa Bagamoyo, nikamwambia sikumbuki, akasema, "Shangazi anakumbuka."

Mwezi mzima mtaa ulitunyamazia. Barazani watu wawili waliacha kupokea kikombe nilichonywea, wanadhani unaambukiza. Mmoja mpaka leo hajarudi. Mimi nilitembea mpaka kandambili zikaisha.

Kisha Bi Saadiya akaja tena na sharti. Badriya apelekwe kwa daktari apimwe, na harusi itategemea jibu. Sitara akanitazama. Mimi nilikuwa nataka kuinuka niwafukuze. Badriya akatoka nyuma ya pazia na kusema kwa adabu:

"Nitakwenda, mama. Na Zahor aende."

"Zahor ana nini?" akauliza Bi Saadiya.

"Sijui. Ndiyo maana apimwe."

Nilidhani yameisha. Bi Saadiya aliondoka na miguu yake ikasikika mpaka mwisho wa kichochoro. Lakini Jumatatu Zahor alikuja mwenyewe dukani, kofia mkononi, akaniuliza daktari anafungua saa ngapi. Hakumwambia mtu. Wakapimwa wote wawili, Badriya na mama yake wamekaa chumba cha mbele, Zahor na mimi nyuma. Dawa ikabaki buluu, mara mbili. Daktari akawaambia wazi kwamba buluu ya leo si ahadi ya kesho, na kwamba Badriya ajiangalie maisha yake yote. Zahor akauliza kujiangalia ndiyo vipi. Daktari akamwandikia karatasi ileile aliyonipa mimi.

Jioni hiyo Bwana Hamud akaja dukani. Alikaa juu ya robota la kaniki. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Akasema, "Mwanangu ameniambia atamwoa, nikitaka nisitake. Afadhali nitake."

Wameoana Alhamisi iliyopita. Nilikaa sinia moja na Bwana Hamud. Wali ukaja, na mbele yangu ikawekwa sahani ya nguru wa kuchoma na bamia. Bi Saadiya ndiye aliyepika. Nilikula, nikaendelea mpaka mwenyeji aliponawa. Kuna watu walinong'ona, niliwaona. Bado sipendi kutazamwa nikila. Nadhani sitapenda tena, na kila mwaliko moyo unanipiga kabla sijavua viatu. Lakini sasa nakwenda, nasema mlangoni kuwa wali sili, nakaa.

Nafasi yako ilikuwa wazi kando ya bibi harusi. Hakutaka mtu aikalie.

Nimemweleza daktari habari zako. Macho yaliyokwenda hawezi kuyarudisha, hakunidanganya. Ila ameuliza neno moja, ameniambia nikuandikie leo leo: miguu yako ikoje?

Hashil

*

Lindi
2 Aprili 1937

Kwa Hashil na Sitara, na mwanangu Badriya,

Marahaba. Mwalimu amenisomea habari ya harusi mara tatu, na ya nguru mara mbili. Jina la kijana yule ni Khalfan. Mwambie Badriya.

Umeuliza miguu. Wa kulia mzima. Wa kushoto, chini ya kidole gumba, nina kidonda tangu Ramadhani. Hakiumi, na hilo ndilo linalonitisha. Nimekuwa nikikifunga kitambaa mwenyewe kwa kupapasa, nikivaa viatu vya marehemu ili kisionekane. Sikumwambia fundi wa dawa, wala jirani, wala huyu Mwalimu. Kalamu yake imesimama hapa, nimemwambia aendelee.

Meli inapita Lindi tarehe kumi na moja. Mwalimu atanipandisha. Mimi siijui Dar es Salaam ya siku hizi na sitaiona, basi aje mtu bandarini aniite kwa jina langu, kwa sauti, mbele ya watu.

Mwanamize binti Abdulla